Jinsi ya Kupoteza Miaka Milioni Mia Moja

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye haja moja: ana muda mwingi mno chini ya miguu yake na angependa kuupunguza. Sisemi mchana uliopotea kwenye foleni ya magari. Nasema muda mzito, mamilioni ya miaka pamoja na bahari zake, misitu yake na wanyama wake, uondoke ardhini usionekane tena. Kazi hiyo inawezekana. Imeshafanyika Kenya, Tanzania, Uskoti na Marekani, na inaendelea leo kwenye kila mlima unaonyeshewa mvua. Vifaa vyake ni maji, upepo, barafu, mitetemeko na subira. Pesa haihitajiki.

Kijue kwanza unachotaka kukiharibu. Mto huleta mchanga, ziwa hutuliza tope, bahari hurundika makombe, volkano hunyunyiza majivu. Kila kinachotua hulala juu ya kilichotangulia, kikagandamizwa na kuwa mwamba. Kwa hiyo anayesimama mbele ya ukuta wa korongo na kuutazama kutoka chini kwenda juu, anatazama historia kwa mpangilio wake. Mpangilio huo ndio adui yako.

Habari ya kukutia moyo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi imekwisha kabla hujaanza. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.54 hivi. Naisi ya Acasta, huko kaskazini-magharibi mwa Kanada, ambayo ni miongoni mwa miamba mizee kuliko yote inayojulikana, ina miaka bilioni 4.03. Nusu bilioni ya kwanza imetoweka karibu yote. Kilichobaki ni chembe za madini ya zirkoni za Jack Hills, Australia Magharibi, ambazo baadhi zina umri wa hadi miaka bilioni 4.4, nazo zimekutwa ndani ya mwamba ambao ni mdogo sana kwao kwa umri. Chembe ndogo kama hizo, zisizoonekana vizuri bila hadubini, ni karibu mashahidi pekee wa utoto wa sayari yetu. Mimi nikilifikiria hilo huwa nasisimka.

Njia ya mvivu

Njia nyepesi ya kupata pengo katika matabaka ni kutokuweka chochote. Uwanja unaofagiwa kila alfajiri haupandi hata wajukuu wakikulia hapo, na sakafu ya bahari yenye mkondo mkali iko vivyo hivyo: tope linaloshuka huchukuliwa kabla halijatulia. Hata pale maji yanapotulia, mbali na midomo ya mito, udongo mwekundu wa bahari kuu hujikusanya kwa milimita moja au chache katika miaka elfu. Mkondo ukiongeza nguvu kidogo, milimita hizo nazo huondoka, na miaka elfu huondoka nazo.

Wala usidhani utatakiwa kusimamia sana. Mwaka 1981 mwanajiolojia Peter Sadler alichapisha uchambuzi wa vipimo vipatavyo 25,000 vya kasi ya mashapo kujikusanya. Alikuta kwamba kadiri muda unaopimwa unavyorefuka, ndivyo kasi inavyoonekana kupungua. Mto ukipimwa kwa masika moja unaweza kulaza mchanga wa kufika magotini. Bonde hilohilo likipimwa kwa miaka milioni moja, wastani wake unashuka hadi sehemu ndogo ya milimita kwa mwaka. Mto haukuchoka. Kipimo kirefu kimebeba ndani yake siku zote ambazo hakikuwekwa kitu, na siku zote ambazo kilichowekwa kilizolewa na mafuriko yaliyofuata.

Jambo hilo ni zito kuliko linavyosikika. Mapengo hayako kwenye mipaka mikubwa ya enzi peke yake. Yako ndani ya tabaka moja, kati ya mchanga wa masika hii na mchanga wa masika ijayo, kiasi kwamba katika sehemu nyingi muda uliohifadhiwa ni mdogo kuliko muda uliopotea. Charles Darwin alilihisi hilo mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu chimbuko la spishi alitenga sura nzima kueleza upungufu wa kumbukumbu ya miamba, maana alijua watu watamuuliza viumbe wa katikati wako wapi.

Ukitaka kuona njia hii ikifanya kazi mahali panapofahamika, nenda Ziwa Viktoria. Ziwa ni pana kiasi cha kutisha, lakini si refu kwenda chini. Penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Mwishoni mwa enzi ya barafu hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikauka, mvua zikapungua, na ziwa likakauka. Watafiti waliopeleka mawimbi ya sauti chini ya sakafu yake na kuchimbua mashapo yake wamekuta, chini ya tope la sasa, uso mgumu uliowahi kupigwa na jua, wenye udongo wa nchi kavu na alama za mizizi midogo. Majani yaliota pale ambapo leo pana maji. Ziwa lilianza kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Wavuvi wa Mwanza, Kisumu na Entebbe wanatupa nyavu zao juu ya pengo, na pengo lenyewe ni changa sana.

Kushusha bahari

Mwenye kutaka kufuta eneo kubwa kwa mkupuo mmoja ashushe bahari. Ili bahari ishuke, maji yake yafungwe nchi kavu kwa umbo la barafu. Miaka 20,000 hivi iliyopita barafu ilifunika sehemu kubwa za Amerika ya Kaskazini na Ulaya ya kaskazini, na bahari za dunia nzima zikawa chini kwa takriban mita 120 kuliko leo. Mlango wa bahari kati ya Unguja na Bara haufiki kina hicho, kwa hiyo Unguja haikuwa kisiwa. Pemba ilibaki peke yake, kwa sababu mfereji unaoitenga na Bara una kina cha mamia ya mita.

Tazama kilichotokea kwenye sakafu ya mlango huo. Mvua ilinyesha juu ya mawe ya matumbawe na kuyatoboa, vijito vikachimba njia, mimea ikaota, wanyama wakapita kwa miguu. Kisha bahari ikarudi na kumwaga tope jipya juu ya yote. Atakayechimba hapo siku za mbali atakuta matumbawe yaliyoliwa na mvua, juu yake tope, na katikati yake hakuna kitu. Laiti isingekuwa Pango la Kuumbi, lililoko upande wa kusini-mashariki wa Unguja. Pango hilo halikuwa kwenye njia ya mawimbi. Ndani yake wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mabaki ya punda milia, mnyama ambaye hakuogelea kutoka Bagamoyo. Kilichofutwa mlangoni mwa bahari kiliwekwa akiba pangoni.

Njia hii ina historia ndefu. Miaka kama milioni 34 iliyopita barafu kubwa ilianza kujengeka Antaktika na bahari zikashuka. Katika sehemu nyingi za pwani duniani, kipindi hicho hasa ndicho kilichokatika, kwa hiyo badiliko lenyewe likajifutia ushahidi wake. Wanaolichunguza wamelazimika kutafuta mahali ambapo maji yalikuwa marefu ya kutosha kuendelea kutuliza tope hata bahari ilipopungua. Mahali pamoja kama hapo ni Tanzania, katika udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi.

Hapo kazi yako ya ufutaji ingeshindwa vibaya. Kuanzia mwaka 2002 watafiti wa nje wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania walichimba visima vingi vyembamba katika ukanda huo na kutoa nguzo za udongo huo. Ndani yake wamo foraminifera, viumbe wadogo wa bahari wenye makombe ya chokaa. Udongo mzito wa mfinyanzi haupitishi maji, hivyo makombe hayo hayakuyeyuka wala kujaa madini mapya. Mengi bado yanang'aa chini ya hadubini. Kemia yake iliwawezesha wanasayansi kukadiria kiasi cha hewa ya ukaa angani wakati Antaktika inaganda, na matokeo yalitoka mwaka 2009 katika jarida la Nature. Wakazi wa Kilwa waliokuwa wakilima juu ya udongo huo, uliokuwa ukinasa majembe yao kila masika, walikuwa juu ya moja ya kumbukumbu bora za kipindi hicho duniani. Natamani kila mtoto anayesoma shule ya msingi Kilwa aambiwe jambo hilo na mwalimu wake.

Kuinua na kukwangua

Sasa tuje kwenye kazi ya wenye nguvu. Inua nchi, mvua ichimbe, mito izoe. Mlima wowote ukiachwa juu kwa muda wa kutosha huisha. Kwa somo hili panda treni ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa na uombe kiti cha dirishani baada ya Voi.

Miamba ya Voi na Taita ni naisi, mwamba uliopikwa na kukandwa. Ulipikwa zaidi ya miaka milioni 550 iliyopita, pale vipande vikubwa vya mabara vilipogongana na kuunda bara la Gondwana, na joto na mgandamizo ulioacha alama katika madini yake hupatikana kilomita nyingi chini ya ardhi, si juu. Juu yake basi palikuwa na milima. Leo naisi hiyo iko wazi, mbuzi wanapanda juu yake. Milima yote iliyokuwa imeifunika imekwenda.

Ukiendelea kuteremka kuelekea pwani unafika nyika ya Taru. Hapo, juu ya mizizi ya ile milima, umelazwa mchanga wa chengachenga ulioanza kuwekwa takriban miaka milioni 300 iliyopita. Naisi chini, mchanga juu, na kati yake miaka milioni mia mbili na zaidi isiyo na hata tabaka moja. Huo ni ufutaji wa daraja la juu. Baada ya Taru inafuata miamba iliyopewa majina ya vituo tunavyovijua: Maji ya Chumvi, Mariakani, Mazeras. Ni mchanga na tope la mito na maziwa, yaliyowekwa wakati Afrika, Madagaska na Bara Hindi zingali zimeshikana. Kisha nchi ikaanza kupasuka, bahari ikaingia, na chokaa ya Kambe ikawekwa katika kipindi cha Jurasiki, hapohapo ambapo baadaye Wamijikenda waliweka mojawapo ya kaya zao, yaani makao yao ya msituni.

Treni inaishia Miritini. Chini ya kituo na mitaa ya jirani, hadi Changamwe, kuna mwamba wa tope la bahari ya Jurasiki, na ndani yake yamepatikana makombe ya amonaiti, jamaa wa mbali wa pweza waliotoweka. Vuka sasa maji ya Makupa uingie kisiwa cha Mombasa. Mwamba umebadilika: ni matumbawe, mawe yaleyale yaliyojenga Fort Jesus na nyumba za Mji wa Kale, na umri wake unahesabiwa kwa maelfu na malaki ya miaka, si kwa mamilioni.

Simama hapo kidogo. Kutoka Changamwe hadi kisiwani ni safari fupi ya matatu, na katika safari hiyo umeruka zaidi ya miaka milioni 100. Madagaska ilijitenga na Bara Hindi, hukuona. Dinosaria waliangamia miaka milioni 66 iliyopita, hukuona. Nyangumi walitoka nchi kavu wakaingia majini, nyani wakaenea, Bonde la Ufa likaanza kufunguka, na kati ya tope la Changamwe na matumbawe ya kisiwani sehemu kubwa ya mambo hayo haina hata chembe. Nayahesabu makutano haya kuwa miongoni mwa mahali pa ajabu zaidi Afrika Mashariki.

Lakini hapa mfutaji makini anapata tatizo lake la kwanza. Mchanga ulioondolewa hauishi, huhamia mahali pengine. Chini ya bahari, katika bonde la Lamu, kuna mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa, mengi yakiwa ya vipindi hivyohivyo vinavyokosekana Mombasa. Kampuni za mafuta zimeyatoboa kwa keekee zikitafuta gesi. Ulichokitoa barani umekirundika baharini, kwa mpangilio, pamoja na tarehe zake.

Kuficha alama

Pengo lililofanywa ovyo huonekana kwa mbali. Kosa kubwa ni kuyapinda matabaka ya chini kabla ya kuyafunika. Kosa hilo lilifanyika Siccar Point, mashariki mwa Uskoti, na mwaka 1788 mwanajiolojia James Hutton alifika hapo kwa mashua pamoja na John Playfair na James Hall. Waliona matabaka ya kijivu yamesimama wima kama vitabu rafuni, yamekatwa juu kwa usawa, na juu ya mkato huo mawe mekundu ya mchanga yamelala karibu sambamba na bahari. Leo tunajua ya chini ni ya miaka kama milioni 435 na ya juu kama milioni 370. Hutton hakuwa na tarehe hizo. Alikuwa na akili ya mkulima: alikuwa amelima mashamba yake mwenyewe katika sehemu hizo, akaona udongo ukioshwa kwenda baharini kidogo kidogo, akajiuliza ni muda gani unahitajika. Tope litulie, ligeuke jiwe, lisimamishwe, liinuliwe, likatwe, lizame, lifunikwe, liinuliwe tena. Playfair aliandika baadaye kwamba akili ilimzunguka kwa kutazama mbali namna ile katika kina cha wakati. Pengo moja liliwaonyesha watu watatu ndani ya mashua kwamba dunia ni nzee kupita hesabu zilizokuwapo, na lingekuwa limefichwa vizuri tungechelewa kujua.

Mfano wa kazi safi zaidi uko katika korongo la Grand Canyon huko Marekani. Si lile pengo maarufu la chini, ambapo mchanga wa Tapeats wa miaka milioni 500 na kidogo umelala juu ya miamba ya Vishnu ya miaka kama bilioni 1.7, na miaka bilioni 1.2 imepotea. Hilo mwanajiolojia John Wesley Powell aliliona mwaka 1869 alipoteremka mto Colorado kwa mashua, kwa sababu rangi na umbo la miamba vinalitangaza. Wanasayansi wangali wanabishana kuhusu chanzo chake: wengine wanataja barafu iliyofunika karibu dunia nzima kabla ya miaka milioni 600 iliyopita na kukwangua mabara, wengine wanataja kuinuka kwa ardhi kwa nyakati tofauti. Nadhani wote wana sehemu yao ya kweli, maana pengo la ukubwa huo halikuhitaji mkono mmoja.

Ninalolisifu ni lile lililoko juu zaidi katika ukuta uleule. Chokaa ya kipindi cha Kambriani, na juu yake, katika sehemu nyingi, chokaa nyingine. Zote zimelala bapa, rangi hazipishani sana, macho hayana pa kushika. Kumbe kati yake vipindi vya Ordovisi na Siluri havipo vyote viwili, miaka zaidi ya milioni mia moja. Pengo hilo hulioni kwa macho, unalijua kwa visukuku: wanyama wa chini na wa juu hawafanani hata kidogo, na waliopaswa kuwa katikati wako katika miamba ya nchi nyingine. Kwa hiyo mfutaji akumbuke kwamba hata akilaza matabaka sambamba, makombe yatamsaliti.

Kuchagua wakati

Ukishajua mbinu, jambo linalobaki ni kuamua upoteze nini. Hapa Olorgesailie inafundisha kuliko mahali popote ninapopajua.

Olorgesailie iko kusini-magharibi mwa Nairobi, kando ya barabara ya Magadi, ndani ya Bonde la Ufa. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walianza kuchimba hapo katika miaka ya 1940, na wageni wa makumbusho ya pale bado wanayaona mashoka ya mawe yametapakaa pale yalipoachwa. Mashapo ya mahali hapo yanaanza miaka milioni 1.2 iliyopita: tope jeupe la ziwa, majivu ya volkano, udongo wa kale. Katika muda huo mrefu watu walitengeneza mashoka makubwa ya mkono ya namna ileile, vizazi kwa vizazi, kwa mawe ya karibu. Hali hiyo inaendelea hadi kama miaka 500,000 iliyopita. Kisha kumbukumbu inakatika. Inapoanza tena, miaka 320,000 iliyopita, mashoka makubwa hayapo. Kuna vifaa vidogo vilivyochongwa kwa uangalifu, kuna obsidiani, jiwe la kioo la volkano, iliyoletwa kutoka makumi ya kilomita, kuna mawe ya rangi nyekundu na nyeusi yaliyosagwa. Wanyama wengi wakubwa wala nyasi wametoweka na wadogo zaidi wameshika nafasi zao.

Binadamu alibadilika ndani ya pengo la miaka 180,000. Hapo ndipo penye jibu la swali kubwa kuliko yote kuhusu sisi, na hapo ndipo ukurasa haupo. Chanzo cha pengo hakina siri: ardhi ya Bonde la Ufa ilikatika kwa mipasuko, sehemu zikazama, mito ikapata mteremko mpya, ikaanza kuchimba badala ya kulaza. Mipasuko ileile iliyoondoa mashapo yaelekea ndiyo iliyovuruga maji na malisho, ikawalazimisha watu kuishi kwa namna mpya. Kwa hiyo pengo na badiliko si mambo mawili yaliyosadifu. Chanzo chao kinaelekea kuwa kimoja.

Timu ya Rick Potts wa Taasisi ya Smithsonian, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, haikukubali kuishia hapo. Ilijiuliza: sehemu zilizozama ziko wapi? Sehemu iliyozama hupokea, haipotezi. Mwaka 2012 walipeleka mtambo wa kuchimba kwenye bonde la Koora, takriban kilomita 24 kutoka Olorgesailie, wakatoa nguzo ya mashapo ya mita 139 iliyobeba miaka milioni moja. Majivu ya volkano ndani yake yalipimwa umri kwa gesi ya argoni. Mwani, chavua na kemia ya udongo vikaeleza maji na mimea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yanaonyesha kwamba tangu takriban miaka 400,000 iliyopita, utulivu wa muda mrefu uliisha: maji yalipanda na kushuka, nyasi na vichaka vikapokezana bila mpangilio. Miaka iliyofutwa Olorgesailie ilikuwa imehifadhiwa Koora.

Kazi ya namna hiyo naiheshimu sana. Watu walilitazama pengo, wakauliza lilifanywaje, na jibu la swali hilo likawaonyesha pa kuchimba.

Njia nisiyoifundisha

Kuna njia moja ambayo haimo katika mwongozo huu. Mto ukibomoa tabaka, hulaza mchanga wake kwingine, na uso uliokatwa unabaki kusimulia mkato. Mtu anapookota shoka la jiwe kutoka kwenye tabaka lake na kulitia mfukoni, au anapochimbua mfupa auze, au anapovunja ukuta wenye visukuku awashe tanuri la chokaa bila yeyote kuutazama, hakuna bonde la Lamu wala la Koora litakalokirudisha kilichopotea. Jiwe lisilojulikana lilitoka wapi halina tarehe. Pengo la namna hiyo halizibiki, na linatengenezwa kila siku kwenye machimbo ya kokoto na mchanga ya nchi zetu.

Siombi ujenzi usimame. Nyumba zinahitajika na barabara zinahitajika, na mara nyingi mtambo wa barabara ndio unaotufungulia ukuta ambao hatungeuona kamwe. Ninachoomba ni utazamwe kabla haujafunikwa kwa zege au kuoteshwa nyasi. Wewe unayepita kila siku karibu na mkato mpya wa barabara, ukiona mawe yamebadilika ghafla kwenye mstari mmoja, hasa mstari wenye kokoto au udongo mwekundu, piga picha ukiwa umeweka rula au hata kalamu pembeni kuonyesha kipimo, andika mahali na tarehe, na upeleke habari kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania mjini Dodoma, au Makumbusho ya Taifa ya Kenya, au idara ya jiolojia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe. Ukiona kisukuku au kifaa cha mawe, usikitoe. Kiache mahali kilipo, na uwaite wenye ujuzi waje wakione hapo hapo.